Sportsmaster: tumcheke au tumwogope?

Kuna jambazi mmoja wa komiki za DC, kampuni ya Superman na Batman, ukimtaja kwa watu wanaomjua wanaanza kucheka kabla hujamaliza jina. Sportsmaster. Yaani wenzake wana mambo, Joker ana sumu ya kuchekesha mpaka ufe, Luthor, adui wa Superman, ana akili na mahela, huyu bwana anakuja kupora na begi la mwalimu wa michezo: mipira ya besiboli inayolipuka, magongo, fimbo ya hoki, mkuki. Basi. Ndo silaha hizo.

Kwa hiyo miaka yote mashabiki wamegawanyika, wapo wanaosema huyu ni kichekesho cha zamani wangemuacha hukohuko, na wapo wanaosema kila akirudi anarudi mkali zaidi. Mimi naona wote wanaangalia silaha wakati tatizo lipo kwingine.

Tuanze mwanzo. Ameingia mwaka 1947 kwenye All-American Comics namba 85, kazi ya John Broome na Irwin Hasen, akipambana na shujaa Green Lantern wa kwanza, Alan Scott (siyo Hal Jordan aliyebeba jina hilohilo, yule alikuja baadaye sana). Jina lake Crusher Crock, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na kugongana. Alifungiwa kwa sababu ya mchezo mchafu, akaona michezo ikimkataa basi na yeye ataitumia kwa uhalifu. Sasa niambie, huyo mtu humjui? Kila mtaa una beki wa hivyo, anafika kwenye mguu kwanza mpira baadaye, akipewa nyekundu anaondoka analalamika refa kahongwa na miaka ishirini mbele bado anakusimulia alivyoonewa. Hiyo ni sababu ya ubaya inayoeleweka kuliko nusu ya majambazi wa DC ambao hata hujui wanataka nini.

Ila tuseme ukweli, waandishi wa zamani hawakuichimba. Walikuwa wanawaandikia watoto, wakakimbilia vifaa, wiki hii hoki wiki ijayo gofu. Kilichomuokoa ni ndoa. Kwenye The Brave and the Bold namba 62 ya 1965 tayari ana mke, Huntress, ambaye naye alikuwa jambazi wa tangu 1947, adui wa shujaa Wildcat, na wote wawili wanapigana na mashujaa Starman na Black Canary. Mtu na mkewe wanatoka kwenda kazini pamoja, kazi yenyewe ni wizi.

Halafu mwaka 1976 ikaja DC Super-Stars namba 10, na hapa wanaomcheka nawapa heko maana wana ushahidi, ila huu ushahidi mimi naupenda mno. Mke na mume wanagombana, mke amechoka, anasema majambazi siku zote wanashindwa, mume hataki kusikia. Wanaamuaje? Kwa mechi ya besiboli, mashujaa upande huu majambazi upande ule. Superman na Batman uwanjani, Joker naye yumo! Ugomvi wa chumbani unamalizwa na timu nzima mbili. Mashujaa wakashinda, bila shaka. Ukisema ni upuuzi sikubishii, lakini huo upuuzi unamjua mhusika vizuri kuliko hadithi nyingi za maana, kwa sababu huyu ni mtu anayeamini kila kitu duniani lazima kiwe na mshindi na mshindwa, mpaka ndoa yake.

Sasa vesheni ambayo wengi wetu tumemjulia, katuni ya Young Justice ya 2010. Humu hakuna anayecheka. Lawrence Crock ni muuaji wa kukodiwa, ana kinyago, sauti nzito, na ana mabinti wawili: Jade, ambaye ndo yule muuaji Cheshire, na Artemis aliyeenda upande wa mashujaa. Mama yao ametoka jela akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kuna kipande cha nyuma, mama bado yuko jela, Jade anaondoka nyumbani usiku, anamwambia mdogo wake Artemis twende, na mdogo anakataa, anataka mama akitoka jela amkute mtu. Baba hayupo kwenye kile kipande lakini unamuona kila kona ya kile chumba.

Wanaomsifu Sportsmaster huwa wanaleta hii na wana haki. Tatizo langu ni dogo ila linaniuma: michezo iko wapi? Anarusha mkuki, sawa, lakini mvue jina umwite chochote, hadithi inakwenda vilevile. Walimfanya wa kuogopwa kwa kumuondolea kile kilichomfanya awe yeye. Halafu kifaa peke yake wala siyo aibu, Casey Jones wa Ninja Turtles anazunguka na fimbo za hoki na kinyago cha hoki na hakuna anayemuona mjinga.

Tamthilia ya Stargirl ya 2020 ndo ilirudisha uwanja. Crock (Neil Hopkins) ana jimu mjini Blue Valley, mkewe Paula (Joy Osmanski) ni mwalimu wa michezo shuleni, binti yao Artemis anacheza futiboli. Kocha akimuweka mtoto benchi, wazazi wanaenda kumuua kocha. Nilivyoona nikacheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu nimekaa pembeni ya viwanja vya watoto nikasikia wanaume wazima wanavyomtukana kocha wa under 12. Hawa wamepiga hatua moja mbele tu. Na wanampenda binti yao kweli, hapo ndo panatisha.

Wasioipenda wanasema tamthilia ilitaka tuwapende mapema mno, makocha wamekufa na sisi tunaombwa tucheke na majirani wacheshi wanaotaka kubadilika. Hapo sina jibu zuri. Ni kweli yule kocha hatukumlilia hata kidogo, na angekuwa Joker kafanya vile tungekuwa tunaongea mengine.

Ila ukiniambia nichague mmoja nitamchukua huyu wa jimu, na kasoro zake. Wakimtengeneza tena naomba waanze na siku ile aliyofungiwa, wamuoneshe refa, wamuoneshe aliyeumizwa, halafu wamuache Crusher asimulie upande wake kwa binti yake mezani, mtoto yuko darasa la tatu na anamuamini.