Kabla ya kulaumu kumbukumbu, pimeni macho
Makala ninayoijibu hapa, ya utafiti wa kumbukumbu za panya wa maabara, inasema panya wazee walichelewa kukipata kibao kilichozamishwa majini, na inachukulia hilo kuwa ushahidi kwamba kumbukumbu zao zimefifia. Naona hitimisho hilo ni la haraka mno. Katika jaribio hili, ambalo Richard Morris alilieleza mwaka 1981, mnyama huogelea kwenye beseni kubwa huku akijielekeza kwa alama zilizo pembezoni mwa chumba; asiyeona vizuri atazungukazunguka tu, hata akili yake ikiwa timamu. Panya wa DBA/2, mmoja wa koo za panya wanaofugwa maabara, hurithi jeni zinazowaletea glakoma (ugonjwa wa macho unaoharibu uwezo wa kuona) kadiri wanavyozeeka, na wengi wa ukoo mwingine, C3H (hawa ndio taabu zaidi), hupofuka wangali wadogo. Je, watafiti walikiinua kwanza kibao kikaonekana, ili kujua kama panya wanaona, wakalinganisha pia kasi ya kuogelea ya wazee na ya vijana?