Vilima vya Dodoma Si Viwanja Vilivyobaki

Halmashauri ya Jiji la Dodoma inapomnyima mtu kibali cha kujenga kwenye miteremko ya Mlimwa, Itega au Imagi, maneno yanayofuata huwa ni yaleyale. Ofisi ya ardhi ina urasimu, inafukuza wawekezaji, na makao makuu ya nchi hayana hoteli ya mlimani ya kumfanya mgeni atamani kulala usiku wa pili. Hoja hiyo ina uzito na nitaieleza. Ila wanaotaka vilima viachwe naona hawasikilizwi sawasawa. Wanachukuliwa kuwa ni watu wa miti na ndege tu, wakati wanachozungumzia ni maji ya bomba, mitaro na fedha za umma.

Upande wa wanaotaka kujenga, ukweli uko wazi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Watu hao wanahitaji mahali pa kuishi na kazi ya kufanya. Tangu CDA, mamlaka iliyokuwa ikistawisha makao makuu, ivunjwe Mei 2017 na majukumu yake kuhamia halmashauri, viwanja vimekuwa chanzo kikubwa cha mapato. Mwaka wa fedha 2018/19 Dodoma iliongoza halmashauri zote nchini kwa makusanyo ya ndani, na hakuna asiyejua kwamba viwanja vilichangia sana. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, kupata chumba cha kulala ni shughuli. Treni ya SGR nayo tangu 2024 inashusha wageni kila siku. Halafu kuna swali ambalo mwananchi ana haki ya kuliuliza: kama Serikali yenyewe ilijenga Chuo Kikuu cha Dodoma kwenye vilima vya Chimwaga, kwa nini yeye akatazwe?

Swali hilo lijibiwe, lisipuuzwe. UDOM ilipewa eneo kubwa mno, majengo yake yametawanyika, na katikati yake ardhi imebaki ya kutosha kupitisha na kunywesha mvua. Kinachoombwa leo kwenye miteremko ni tofauti: kipande kwa kipande, ukuta kwa ukuta, kila mmoja na geti lake na uwanja uliosakafiwa. Kibali kimoja hakina madhara makubwa. Cha hamsini ndicho kinachogeuza mlima kuwa paa, na hakuna kikao hata kimoja ambacho madiwani watakuwa wamekaa wakaamua kwamba mlima uwe paa.

Dodoma hupata wastani wa milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa miongo mingi mji umenywa maji ya visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji. Vipimo vya kina cha maji katika visima hivyo vilianza miaka ya 1950, na watafiti waliochambua kumbukumbu za miaka 55 walichapisha matokeo yao mwaka 2012. Walichokikuta kingepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya mipango miji hapa. Maji ya ardhini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Miaka mingi mfululizo kina kinashuka tu, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, ndipo akiba inarudi. Kwa hiyo mji huu unaishi kwa misimu michache ya neema, na katika misimu hiyo kinachoamua ni kama ardhi imeachwa wazi kupokea maji au imezibwa.

Sisemi kwamba tone linaloanguka Mlimwa linaishia Makutupora. Mabonde ni tofauti. Ninachosema ni kwamba Makutupora nayo imo ndani ya mipaka ya jiji hilihili, chini ya baraza hilihili la madiwani, na mji unapanuka kuelekea huko. Ukishazoea kusema ndiyo Itega, utasemaje hapana kule?

Tazama kilima chenyewe kilivyo. Juu ni mwamba mtupu, maji hayana pa kuingia, yanateleza. Chini, pale mwamba unapoishia, kuna mkanda wa mchanga mkubwa wenye mibuyu na migunga. Hapo ndipo mbio za maji zinapovunjwa na sehemu yake inapozama. Mkanda huo ndio unaotamaniwa na kila mwenye kutafuta kiwanja chenye mandhari. Tingatinga linakata ukuta wa udongo mwekundu ili kupata sehemu tambarare, kifusi kinasukumwa upande wa bondeni. Mvua ya kwanza ya Desemba ikipiga, kifusi kinashuka. Asubuhi kalavati imeziba, barabara ya chini ina mchanga hadi kwenye kifundo cha mguu, na vijana wanauchota kwa makoleo kwenda kuuza kwa wanaojenga.

Choo pia ni tatizo. Fundi anayechimba shimo la maji taka mlimani akifika mita moja anagonga jiwe. Mwenye nyumba hana subira ya kupasua mwamba, shimo linaishia hapo, na msimu wa mvua linafurika kwa jirani wa chini. Gari la kunyonya halipandi. Maji safi nayo lazima yasukumwe kwa pampu kwenda juu, katika mji ambao DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, inahangaika kufikisha maji hata kwenye mitaa ya tambarare.

Nani analipa? Hapa ndipo naona mjadala wetu haujafika. Fedha ya kiwanja inaingia halmashauri, mara moja. Barabara na mitaro yake viko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Pampu na bomba ni vya DUWASA. Anayeidhinisha mchoro si yule atakayezibua kalavati kila Januari. Halmashauri ya namna hiyo, hata ikiwa na watumishi waadilifu kabisa, itaelemea kwenye kupima viwanja zaidi, kwa sababu hesabu zake zinaonyesha faida tu. Ndiyo maana ofisi inaposema hapana mlimani, inakataa fedha ambayo ingeihitaji kweli, na kuita hilo uvivu si haki.

Kuna wanaotumia maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh, kama onyo kwa Dodoma. Sikubaliani nao. Kule sehemu ya mlima wenyewe ilimeguka baada ya mvua kubwa. Hapakuwa na viwanja vya wawekezaji vya kulaumiwa. Hoja ya vilima vyetu inasimama bila kukopa misiba ya wengine.

Mfano unaotufaa uko Kondoa. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kupambana na makorongo ya Irangi, na mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 1,256. Ardhi ilipona: nyasi na miti vilirudi. Lakini wafugaji ndio waliobeba gharama, wakatafuta malisho mbali na nyumbani, na uchungu wake ulidumu. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa ardhi na mzito kwa watu. Nauleta kwa sababu wanaotetea vilima, nikiwemo mimi, tuna tabia ya kusahau nusu ya pili ya habari hiyo.

Kwenye miteremko ya Dodoma wapo watu wenye ofa, wenye risiti, wengine wenye hati kabisa, waliogawiwa na mamlaka halali. Wapo wenyeji Wagogo ambao familia zao zilikuwa chini ya vilima hivyo kabla mji haujatangazwa makao makuu mwaka 1973. Kuwaita wote wavamizi ni uongo. Na jiji ambalo kampeni ya kulifanya la kijani ilizinduliwa mwishoni mwa 2017, watu wakahimizwa kupanda miti, haliwezi kukata migunga ya mlimani kwa mchoro mmoja na kumnyima mwingine kibali kwa hoja ya mazingira.

Dawa ya hilo ipo tayari katika Sheria ya Ardhi ya 1999. Kifungu cha 7 kinaruhusu ardhi kutangazwa kuwa hatarishi, ikiwemo ile yenye mteremko unaozidi pembe itakayowekwa na Waziri kwa ushauri wa kitaalamu, na kinadai tangazo la wazi na nafasi ya wahusika kusikilizwa. Hiyo ni njia tofauti kabisa na kuamua faili moja moja, ambako mtu hajui kama amekataliwa kwa sababu ya mteremko au kwa sababu hana wa kumsemea. Pembe ikishatajwa, ramani ikabandikwa ofisi ya kila kata, mwenye hoteli atajua atafute eneo Njedengwa au Nala, mahali ambapo lori linafika na mlima unaonekana wote dirishani.

Walio na hati za viwanja vilivyo juu ya mstari wa pembe hiyo wapewe viwanja mbadala vilivyopimwa na vyenye barabara, pamoja na fidia ya walichokwisha jenga, kabla nguzo hata moja haijavunjwa. Gharama itoke kwenye mauzo ya viwanja vya tambarare, kwa fungu linaloonekana kwenye bajeti ya jiji.