Nirudishieni Mbuzi Wangu

Jamani, mtu mzima kugombana na mbuzi si jambo la kujivunia. Mimi niligombana naye, nikamshinda, nikajivunia miaka ishirini na ushee. Mbuzi mwenyewe yuko Ireland, kijiji cha Lochmarne, ndani ya gemu la kompyuta la Broken Sword la mwaka 1996. Humo wewe ni George Stobbart, mtalii wa Kimarekani aliyekaa zake mkahawani Paris, mara akaja mchekeshaji wa sarakasi na kodiani, akaondoka na mkoba wa mtu, kodiani ikalipuka. Mtu mwenye akili angekimbilia ubalozini. George kaenda kupeleleza.

Sasa huko Lochmarne kuna magofu ya ngome na ngazi ya kushukia chini. Mlinzi wa ngazi ni mbuzi aliyefungwa kamba. Ukisogea, pembe. Ukiinuka ukasogea tena, pembe. Na gemu zima mpaka hapo halijawahi kumharakisha mtu! Unaokota, unahoji, unatafakari, hata ukienda kuoga George anakusubiri. Ghafla pale unatakiwa ukipigwa tu, kabla mbuzi hajajipanga, ukimbilie lile dude bovu la kulimia ili kamba inase. Nani kakuambia? Hakuna. Nilikaa wiki mbili. Mke wangu akipita ananiuliza, "Baba Zuhura, leo mbuzi kashinda ngapi?" Intaneti enzi zile ya kulipia kwa dakika, na mimi siwezi kutoa hela yangu kuulizia habari za mbuzi wa watu.

Basi mwaka 2024 Revolution, walewale Waingereza waliolitengeneza, wakaleta Broken Sword Reforged. Nikasema mbuzi kafia kwa muuza supu. Na kweli, picha wamezipiga msasa zinang'aa. Zamani George akiwa mbali uso wake ni vidoti vinne, hujui anacheka au jino linamuuma. Sauti ya Rolf Saxon, anayemsemea George, ni ileile, na ukitamani uchakavu unabonyeza, picha za kale zinarudi palepale. Hapo nawapa mkono.

Kilichonitoa machozi ni ile njia ya pili ya kucheza, ya kufuata hadithi, inayokudokeza pale unapokwama. Kitinda mimba wangu, miaka 12, kampita mbuzi chai haijapoa. Kanigeukia: "Baba, ndiye huyu?" Miaka yote ile nimekuwa shujaa barazani, kumbe shujaa wa kitu kinachoisha kabla ya andazi la pili!

Lakini tusiwaonee hawa wa juzi. Toleo la 2009 la gemu hilihili ndilo lilinipandisha presha kweli. Kwanza waliuondoa mlipuko mwanzoni, wakakuanzishia na Nico Collard, yule mwandishi wa habari. Unangoja bomu kama unayengoja daladala ya mwisho. Kisha wakaondoa kifo! Kule Syria, Khan muuaji anakuelekezea bastola ukingoni mwa genge la mlima, nawe umebakiwa na kidude cha kutia shoti kiganjani. Mwaka 1996 ukizubaa, umekufa, nyumba nzima inasikia. Mwaka 2009 zubaa tu, muuaji wa watu ana subira kuliko karani wa foleni. Ingawa, niseme ukweli, Nico alikuwa anadai haki yake. Kwenye gemu la kale kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kwake Paris akingoja uje umwonyeshe ulichookota. Afadhali walimpa miguu.

Halafu huko Syria kwenyewe mji unaitwa Marib. Marib ninayoijua mimi iko Yemen, muulizeni Mwarabu yeyote wa dukani. Wamepaka rangi kila ukuta, mji wa watu hawajaurudisha kwao.

Juzi usiku, nyumba imelala, nikasema ngoja nilinde heshima. Nikaweka njia ya kizamani, picha za kizamani, nikashuka Lochmarne mwenyewe. Pembe. Nikainuka, nikakimbia upande siyo. Pembe. Kufika saa saba nimeshapigwa mara kumi na tisa, nimesahau lile dude lilipo, na ninamtukana mbuzi kwa sauti. Chumbani kitanda kikalia kwiyo, kisha sauti ya usingizi:

"Baba, nikupe dokezo?"