Mpiga picha wa vita: anayerudi na anayeacha

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa pale na kamera. Akapoteza mkono wa kushoto, na mwenzake aliyerekodi sauti, John Mathai, akafa. Baadaye Amin alirudi kazini na mkono wa bandia.

Hapa Nairobi kisa hiki husimuliwa kama kipimo cha ushujaa, na mimi namheshimu mno. Picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, ndizo zilizofanya misaada imiminike. Bila hizo, waliokuwa wakifa wangebaki tetesi. Anayedai wapiga picha wa vita hufuata umaarufu tu aijibu Korem kwanza. Msisimko wa hatari upo, sikatai. Wapo wanaokiri kwamba maisha ya kawaida huwapwaya wakirudi mjini. Lakini sidhani msisimko peke yake humrudisha mtu kazini baada ya kumzika mwenzake.

Ila tukimfanya Amin kipimo, tunawaonea wengine. Boniface Mwangi alipiga picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007, akatuzwa, na aliyoyaona yakamtesa, kama alivyosimulia mwenyewe hadharani. Hatimaye aliacha upigapicha wa habari. Wapo watakaosema alishindwa. Mimi naona vita vyake vilikuwa na ugumu wa namna yake: vilikuwa nyumbani. Aliyetumwa ng'ambo hupanda ndege akaondoka. Anayepiga picha za majirani wakikatana mapanga atapita njia ile ile kesho akienda dukani.

Na kuna Mogadishu, tarehe 12 Julai 1993. Wanahabari Hos Maina, Anthony Macharia na Dan Eldon, waliotokea Nairobi, pamoja na Hansi Krauss, walikwenda kupiga picha za waliouawa katika shambulio la majeshi ya kimataifa. Umati wenye uchungu ukawaua.

Utafiti wa daktari Anthony Feinstein, uliochapishwa mwaka 2002, uligundua kwamba zaidi ya robo ya wanahabari wa vita aliowachunguza waliwahi kupata msongo wa baada ya kiwewe. Kwa hiyo chombo cha habari kinachonunua fulana ya kuzuia risasi kilipie pia mshauri nasaha, hata kwa mpiga picha wa kujitegemea anayelipwa kwa picha moja moja.