Apuleius wa 1469: kabati la tajiri au meza ya maktaba?

Tarehe 28 Februari 1469, mjini Roma, katika nyumba ya ukoo wa Massimo, wachapaji wawili waliotoka Ujerumani, Konrad Sweynheym na Arnold Pannartz, walimaliza kuchapa kwa mara ya kwanza kazi za Apuleius, Mroma wa karne ya 2. Ndani yake mna hadithi ya kijana anayegeuka punda kwa dawa ya mchawi hadi mungu mke Isis anapomwokoa. Mna risala juu ya pepo wanaopeleka dua za watu kwa miungu. Mna pia Asclepius, mazungumzo ambamo Hermes Trismegistus, mwenye hekima wa kubuniwa wa Misri ya kale, anamfundisha mwanafunzi wake siri za dini ya Misri. Wataalamu wengi hawakubali kwamba Asclepius imeandikwa na Apuleius, ila ilisafiri pamoja na kazi zake kwa karne nyingi, na kwa njia hiyo maandishi yaliyopewa jina la Hermes yakaingia mtamboni miaka miwili kabla ya toleo lao mashuhuri lililochapwa Treviso, Italia, mwaka 1471.

Nakala zilizochapwa zilikuwa 275 hivi. Leo zilizosalia zimegawanyika kati ya maktaba kubwa na makabati ya matajiri, na hapo ndipo penye mjadala: kitabu cha namna hii kinastahili kuwa mali ya mtu binafsi?

Wanaosema hapana wana hoja nzito. Tazama yaliyomo. Apuleius alizaliwa Madauros, katika Algeria ya leo, na mwaka 158 au 159 alishtakiwa huko Sabratha, Libya, kwa madai ya kumroga mjane tajiri aitwaye Pudentilla ili amwoe. Hotuba yake ya utetezi imo katika kitabu hikihiki. Mojawapo ya mashtaka lilikuwa kwamba aliweka vitu fulani, vimefungwa kwenye kitambaa, ndani ya maktaba ya mtoto wa mjane huyo. Alijibu kwamba ni vitu vitakatifu vya ibada za siri alizoingizwa alipokuwa Ugiriki, na kwamba hatavitaja mbele ya wasiohusika. Huo ni ushahidi wa thamani kubwa kuhusu mpaka kati ya dini na uchawi katika dola ya Kirumi, kutoka kinywani mwa Mwafrika aliyekuwa akipigania maisha yake. Miaka zaidi ya 200 baadaye Mwafrika mwingine, Augustino, aliyesoma shule Madauros, alimjibu kwa ukali. Katika kitabu cha 8 cha Mji wa Mungu anawapinga pepo wa Apuleius na sanamu zinazotiwa roho ambazo Hermes anazisimulia katika Asclepius. Na ni Sweynheym na Pannartz haohao walioichapa kazi hiyo ya Augustino huko Subiaco mwaka 1467. Ukiweka matoleo haya mawili kwenye meza moja unaona mtambo uleule ukimpa sauti mshtaki na mshtakiwa, mbele ya pua ya Papa. Mtafiti atayawekaje pamoja ikiwa moja limefungiwa katika nyumba asiyoijua?

Lakini upande wa pili nao haupuuziki. Mwaka 1472 mhariri wa wachapaji hao, Askofu Giovanni Andrea Bussi, alimwandikia Papa Sixtus IV akiwaombea msaada: nyumba yao imejaa karatasi zilizochapwa zisizopata mnunuzi, na chakula hakuna. Vitabu kama hivi viliwahi kuwa mzigo. Viliokolewa na watu waliovipenda kiasi cha kuvilipia, kuvijalidi upya na kuvirithisha. Tena maandishi ya elimu ya siri yalihitaji wapenzi wa aina hiyo kuliko mengine, maana taasisi za dini na za elimu kwa nyakati tofauti ziliyaona ni upotofu au upuuzi.

Mfano ulio karibu nasi ni Amsterdam. Mfanyabiashara Joost Ritman alikusanya maelfu ya vitabu vya Hermes, alkemia na tasawufi ya Kikristo, na mwaka 1984 akaugeuza mkusanyiko wake kuwa maktaba. Hakuna chuo kikuu kilichokuwa kimefanya kazi hiyo kwa bidii ile. Ila mwaka 2010 alipoelemewa na madeni, benki iliingia, na hatima ya maktaba nzima ikawa inategemea hesabu za kampuni zake. Baadaye hali ilitengemaa. Mwaka 2016 mwandishi Dan Brown alichangia euro 300,000 ili vitabu vya zamani vya mkusanyiko huo vipigwe picha na kuwekwa kwenye intaneti. Kisa hiki hutumiwa na pande zote mbili, na naona zote zina haki: mtu binafsi anaweza kujenga kile ambacho taasisi hazikuthubutu, na anaweza kukiweka rehani usiku mmoja.

Wanaoitetea maktaba ya umma nao wakumbuke Napoli. Maktaba ya Girolamini ni mali ya serikali ya Italia. Mwaka 2012 iligundulika kwamba mkurugenzi wake, Marino Massimo De Caro, alikuwa akiipora maelfu ya vitabu, na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Mhuri wa umma haukulinda chochote, kwa sababu orodha zilikuwa na mapengo na hakuna aliyekuwa akiangalia.

Tena, kuwa mali ya umma hakumaanishi kuwa wazi. Sehemu ya Asclepius kwa Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri, ilipatikana karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, ndani ya mkusanyiko wa miswada ya kale. Mswada mmoja wa mkusanyiko huo ulitoroshwa nje, ukanunuliwa kwa ajili ya taasisi ya mwanasaikolojia Carl Jung huko Zürich, Uswisi, mwaka 1952, kisha ukarudishwa Kairo. Iliyobaki ilikuwa salama katika Jumba la Makumbusho la Kikopti, lakini kwa miaka mingi ni wataalamu wachache tu walioifikia, mpaka picha zake zilipoanza kuchapishwa kwa msaada wa UNESCO mwaka 1972.

Kwa hiyo nauona ugomvi wa nani mwenye hati ya umiliki kuwa umepewa uzito usio wake. Kinachoniuma ni nakala isiyojulikana iko wapi. Msomaji wa Kiswahili atanielewa upesi: miswada mingi ya tenzi zetu kwa hati ya Kiarabu iko katika chuo kikuu cha SOAS, London, na kwa mtu wa Lamu picha zake kwenye intaneti ndiyo njia ya karibu ya kuisoma.

Wapo watakaosema picha zikishapatikana, kitabu chenyewe ni pambo tu, tajiri akichukue. Hapa nawapinga. Ni kweli kwamba kwa maneno ya hadithi ya punda na ya utetezi, wahariri wa leo hawalitegemei toleo la 1469. Wanategemea mswada wa karne ya 11 kutoka Monte Cassino, ulioko Firenze. Lakini nakala ilitoka mtamboni ikiwa na nafasi tupu za herufi kubwa, na kila mnunuzi aliichoresha kwa kadiri ya mfuko wake. Wasomaji wakaandika pembeni, wakapiga mistari, wengine wakafuta yaliyowatisha. Kila nakala ina historia yake, na anayetaka kujua watu wa karne ya 15 na ya 16 waliyapokeaje mafundisho ya Hermes hana budi kuziona zote, na wakati mwingine kuzishika, maana jalidi, wino na alama za karatasi hazionekani vizuri kwenye skrini.

Ningependa kuona nakala hizi zote zikiishia maktabani. Hilo likishindikana, basi mnada usiuze nakala bila kueleza imepitia mikono ya nani, na mnunuzi akubali ipigwe picha kamili na iingizwe kwenye orodha ya kimataifa ya vitabu vilivyochapwa kabla ya 1501, hata kama jina lake litabaki siri. Sheria kali peke yake ina hatari. Italia huzuia vitabu vilivyotangazwa kuwa vya thamani ya taifa visitoke nchini, na mwenye kitabu anayejua kwamba tangazo hilo litapunguza bei ana kila sababu ya kunyamaza. Mpe kitu cha kumvuta ajitokeze, kama nafuu ya kodi au matengenezo ya bure kwa mafundi wa maktaba. Itagharimu fedha za umma, na serikali zinazobana bajeti za maktaba zao hazitapenda kusikia hivyo.