SQLite inasingiziwa

Nyumbani kwa ami yangu, Langoni mjini Lamu, kwenye kidaka cha ukuta ambacho zamani kilikuwa cha sahani za kigeni, pameketi kompyuta ndogo inayotosha kiganjani. Ndiyo seva yetu ya muziki: taarabu zilizotolewa kwenye kaseti, kasida za Maulidi, na harusi za ukoo ambazo hazipatikani popote pengine. Mwaka huu kanzidata yake, yaani daftari la nyimbo na mipangilio, imeharibika mara tatu. Unafungua simu, orodha tupu; ukisoma kumbukumbu za seva, unaambiwa faili limevurugika.

Kijana anayeitunza amechoka nayo. Rai yake, ambayo wengi wanaoendesha seva majumbani wanayo, ni kwamba SQLite, programu inayoitunza kanzidata hiyo, ni kitu cha kuchezea: faili moja, hakuna bawabu. Tuhamie programu ya muziki inayotumia PostgreSQL, mtunza kanzidata mkubwa zaidi, yaishe. Hakukosea kote. PostgreSQL ina bawabu kweli. Anayetaka kuandika humwomba yeye, wala hagusi faili. Isitoshe, programu yetu ya muziki nayo ina lawama: ikiwekewa kanzidata kwenye diski ya mtandao, yaani iliyo nje ya kompyuta na kufikiwa kupitia mtandao, ingeweza kukataa kuwaka. Iliwaka, wala haikutuonya.

Ila SQLite ipo tangu mwaka 2000, nayo imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Nahodha anayevusha watu kwenda Mokowe anazo kanzidata za SQLite tele mfukoni. Tena iliundwa ikijua stima hukatika: kabla mabadiliko hayajakamilika huwa yameandikwa kwenye faili la pembeni, umeme ukirudi inajua cha kumalizia na cha kutupa. Giza peke yake halitoshi kuiua. Lazima awepo mshirika.

Kwetu washirika walikuwa wawili. Wa kwanza ni diski kubwa iliyoko ghorofani, kando ya ruta. Nyimbo ziko huko, na kanzidata nayo ikapelekwa huko huko "vitu vikae pamoja". SQLite hutegemea kufuli za mfumo wa kompyuta ili wawili wasiandike kwa wakati mmoja, na kwenye diski za mtandao kufuli hizo mara nyingi ni za jina tu. Ukitumia mtindo wake wa WAL, wa kuandika mabadiliko mapya kwanza kwenye faili la pembeni, ndiyo kabisa: wote wanaolifungua faili hushirikiana sehemu ya memori, kwa hiyo sharti wawe kwenye mashine moja. Waundaji wenyewe wameandika wazi kwamba WAL haifanyi kazi kupitia mtandao. Sasa kijana wetu kila akija hulifungua faili lile lile kutoka kwenye laptopu yake, "kutazama tu", huku seva ikiandika.

Wa pili ndiye aliyenikosesha usingizi, maana alijifanya mwokozi: nakala za akiba. Kila usiku faili kuu lilinakiliwa kwa `cp`, amri ya kawaida ya kunakili faili, seva ikiwa inafanya kazi, na lile faili la pembeni, lenye `-wal` mwishoni mwa jina, likiachwa. Nakala kama hiyo inaweza kuwa nusu ya jana na nusu ya leo. Likiharibika, kijana alirudisha nakala na kuiweka kando ya `-wal` ya zamani, iliyokuwa ya faili lingine. Hapo SQLite inaweza kumwagia kurasa za maiti ndani ya mgonjwa. Nilipozipima nakala saba kwa `PRAGMA integrity_check`, amri ya SQLite ya kukagua uzima wa faili, mbili tu zilijibu ok. Kwa hiyo zile mara tatu sidhani ni tatu. Naona ni ugonjwa mmoja tulioutibu kwa kuurudisha.

Na PostgreSQL ingetuponya? Kuhusu laptopu, ndiyo. Lakini diski inayosema "nimeandika" kabla haijaandika huidanganya nayo vile vile, na ukinakili folda yake ikiwa inafanya kazi bila utaratibu wake, unapata takataka vile vile. Juu ya hayo kuna `pg_dump`, yaani nakala zake za akiba, za kupanga, na matoleo ya kuhamisha. Ami anataka kusikiliza udi baada ya Isha, hataki kufuga tembo.

Tumesimamisha seva, tukatoa kilichotoka kwa `.recover`, amri ya SQLite ya kuokoa faili lililoharibika, kanzidata ikashushwa kwenye diski ya ndani ya kompyuta, kidakani. Nyimbo zimebaki ghorofani. Hizo husomwa tu. Nakala sasa ni za `.backup`, amri ya SQLite yenyewe ya kunakili. Betri ya akiba bado tunaichangia.

Nyimbo zenyewe hazikupotea hata moja, seva ilizisoma upya. Kilichopotea ni kile kinachokaa kwenye kanzidata peke yake: mpangilio wa shangazi wa nyimbo za harusi, ipi ya kuingilia bibi harusi, ipi ya kutunza. Thelathini na moja zilirudi. Kumi na mbili anazipanga upya kwa kukumbuka, na jana alinisimamisha mlangoni kuniuliza ya saba ilikuwa ipi.