Baada ya stima kurudi, nani anahesabu?

Juni 7, 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule mto Tana, akaangukia transfoma. Taarifa ilitoka KenGen wenyewe, kampuni inayoendesha kituo hicho. Tumbili alinusurika, Kenya nzima ikaingia gizani. Nairobi tulicheka, picha zikazunguka kwenye simu, na mjadala ukafa kabla haujaanza.

Transfoma ile ilipozimika, mitambo mingine pale ililemewa, megawati 180 zikapotea kwa mara moja. Gridi, yaani mtandao unaounganisha mitambo na nyaya za umeme nchini, iko hivyo: mtambo mmoja ukitoka, mzigo wake unaiangukia iliyobaki, mizunguko yake inapungua kasi, na kila mtambo unajizima usije ukaungua. Kila mmoja umefanya ulivyopaswa kufanya. Matokeo yake nchi haina stima.

Ndiyo maana madhara ya namna hii hukosa mwenyewe, na jambo hilo linanikera sana. Stima ikipotea Embakasi, hapa Nairobi, pampu ya kisima cha ploti inasimama, tangi likiisha hakuna maji. Minara ya simu inategemea betri na jenereta. Zikichoka, mama mboga hapokei M-Pesa, na wateja wake wengi hawabebi tena pesa taslimu. Mboga zinanyauka. Hasara hiyo inaandikwa kwenye kitabu gani? Kampuni ya umeme itahesabu umeme ambao haikuuza, basi.

Usiku wa Agosti 25, 2023 giza lilifika hadi JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, jenereta ikakataa kuwaka. Waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaachishwa kazi. Desemba mwaka uo huo stima ikapotea tena nchini kote, na uwanja ukaguswa tena. Kumfukuza mtu ni rahisi, kwa sababu mtu ana jina. Waya unaounganisha gridi, pampu, mnara na wodi hauna.

Uchunguzi wetu huanzia kwa tumbili na kuishia kwa tumbili. Mimi nataka uanzie pale stima ilipozimika na ufuate madhara mpaka mlangoni kwa mtu wa mwisho: mtaa gani ulikosa maji na kwa saa ngapi, zahanati ipi ilihamisha wagonjwa, chanjo zipi ziliharibika kwenye friji. Ripoti itolewe hadharani, kwa Kiswahili, na bei ya token za stima isipandishwe tena kabla sisi tunaoinunua hatujaisoma.